Kopo la Mkaa Ndani ya Filta

Swali ni lile lile, hubadilika mtaa tu. Jana limetoka Mtaa wa Mkunguni, leo Mtaa wa Sikukuu, hapa Kariakoo: "Mtaalamu, kwani huu mkaa wa jikoni haufai kwenye filta ya samaki?" Muulizaji ameshatajiwa bei ya mfuko wa mkaa ulioamilishwa, akakumbuka kopo la mkaa analonunua kila siku pale nje, akaona wazi kwamba kuna mtu anataka kumpiga. Si vyote viwili vyeusi?

Haufai.

Mkaa unaoingia Dar es Salaam kwa magunia kutoka Pwani na Morogoro huchomwa kwenye matanuri ya udongo, kwa hewa haba, na mchomaji anachotaka ni ushike moto tu. Vitundu vyake vingi vimezibwa na lami ya moshi na majivu. Ule ulioamilishwa, ambao wa kusafishia maji mara nyingi hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, hupitishwa tena kwenye mvuke wa nyuzi joto 800 hadi 1,000. Mvuke huutoboatoboa kwa ndani mpaka gramu moja ikawa na eneo la mita za mraba 1,000 hivi. Kijiko kimoja kikubwa, kingeweza kukunjuliwa, kingetandika uwanja mzima wa mpira, tuseme ule wa Benjamin Mkapa. Na mjanja anayepanga kuchoma vifuu mwenyewe uani atapata mkaa wa vifuu. Unafaa sana kwa mishikaki.

Asiyeamini atumbukize kipande cha mkaa wa jikoni kwenye glasi ya maji, akalale. Asubuhi atakikuta pengine bado kinaelea, chini pametuama vumbi la kijivu. Apime pH kabla na baada. Majivu ni magadi ya aina yake, na magadi hupandisha pH.

Samaki hufia hapo. Watu hutia mkaa ili uondoe amonia, ile taka inayotoka kwa samaki wenyewe na kwenye chakula kilichooza. Mkaa hauondoi amonia. Hata ule wa ghali hauipunguzi kwa kiasi cha maana. Amonia ina sura mbili majini, moja isiyo na madhara makubwa na nyingine sumu kali, na pH ndiyo huamua ipi itawale. Kwenye maji ya nyuzi 28, joto la kawaida la sebule ya Kariakoo, pH ikiwa 7 sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1. Ikipanda hadi 8, inapita asilimia 6. Mwenye tangi hajaongeza samaki hata mmoja wala punje ya chakula, lakini majivu yakiipandisha pH kiasi hicho, sumu imezidi karibu mara kumi. Kisha utamsikia akilalamika kwamba samaki wa siku hizi ni dhaifu.

Wanaoondoa amonia ni bakteria wanaoishi kwenye sponji ya filta. Huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga, umeme ukikatika muda mrefu huanza kufa, na anayefua sponji chini ya bomba lenye klorini mpaka ing'are amewaua kwa mkono wake. Sponji isuuzwe kwenye ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, basi.

Sasa ya kununua, haraka haraka. Mkaa ulioamilishwa ni wa kuondoa mabaki ya dawa baada ya tiba, rangi ya chai inayotoka kwenye kisiki, na harufu. Uoshwe mpaka maji yaache weusi, utiwe kwenye mfuko wa neti, ukae baada ya sponji. Kikombe kimoja kwa lita 200 kinatosha. Baada ya wiki 3 au 4 ni takataka, na kuuanika juani au kuuchemsha hakuufufui. Wakati wa kutibu utolewe, la sivyo utaimeza dawa yote. Klorini ya maji ya bomba ya DAWASA haihitaji hata mkaa: ndoo wazi na pampu ya hewa usiku kucha. Rezini za kuondoa fosfeti, wengi hawana haja nazo. Mwenye mbuna wa Ziwa Nyasa, samaki wanaopenda pH ya juu, atafute changarawe za chokaa.

Imebaki zeolaiti, vile vijiwe vinavyonasa amonia kweli. Hunasa kwenye maji yasiyo na chumvi tu. Chumvi huvilazimisha kuitema, ndiyo maana husafishwa kwa kulowekwa kwenye maji ya chumvi. Anayeviweka tangini kisha akamwaga chumvi "kama dawa" anawarudishia samaki kile alichokwisha kukiondoa. Na mwenye jengo linalotegemea kisima cha maji ya chumvi, kama yalivyo baadhi katikati ya jiji, asivinunue kabisa. Hela hiyo anunulie sponji ya pili.