Umri wa Kishikwambi Kilichogeuzwa Kompyuta ya Mezani

Wateja wangu hapa Ngara mjini huwa hawaanzi kwa kuuliza kishikwambi ni cha kampuni gani. Wanaanza na, "Fundi, hiki kitanifikisha wapi?" Mwenye steshenari anataka kuachana na kompyuta kubwa, maana umeme ukikatika inamzimikia barua ya mteja ikiwa nusu. Mtendaji wa kijiji anataka cha kuandikia mihtasari. Jibu langu ni lilelile miaka yote: ukikitumia kama simu kubwa, miaka mitano si ajabu. Ukikifanya kompyuta ya mezani, kikashinda kwenye chaji asubuhi hadi jioni, weka hesabu ya miaka miwili hadi mitatu, kisha uje tuzungumze habari ya betri.

Huku kwetu watu hawakukimbilia vishikwambi kwa fasheni. Kwa miaka mingi Ngara na Biharamulo hazikuwa kwenye gridi ya Taifa. Umeme ulitoka kwenye majenereta ya dizeli ya TANESCO, yakiwemo yale ya megawati 2.5 kwa kila wilaya yaliyokuja kwa msaada wa Uholanzi chini ya mradi wa ORIO. Jenereta ikilala, mji wote umelala. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake inaweza kula wati 100 na kuendelea, na kama huna UPS inazima palepale. Kishikwambi kinakula wati 5 hadi 10, na akiba yake kinatembea nayo tumboni. Paneli ndogo ya sola juu ya bati inakitosha. Gridi imeshatufikia, na kwenye maporomoko ya Rusumo pana mitambo ya megawati 80 tunayogawana na Rwanda na Burundi. Ila radi za masika bado zinakata umeme zinavyotaka, na anayeandika kwenye kishikwambi anaendelea kuandika.

Basi hiyo betri tunayoipendea ndiyo inayokimaliza kikishawekwa mezani.

Wengi wanajua kwamba betri huchoka kwa kuchajiwa na kuisha, kuchajiwa na kuisha. Ni kweli. Kampuni ya Apple, kwa mfano, inasema betri za iPad zimeundwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 1,000 kamili, na betri nyingi za bei ya chini hazifiki huko. Lakini kishikwambi cha mezani hakifi kwa mizunguko, maana hakiishi chaji kabisa. Kinakufa kwa kushiba. Betri ya lithiamu ikijaa hufika volti 4.2 au zaidi kidogo, na kukaa kwenye kiwango hicho mchana kutwa, huku mashine yenyewe inatoa joto, kunaichosha kemikali iliyomo ndani. Ndiyo maana vishikwambi vinavyokaa ofisi zenye joto za Biharamulo vinanifikia mapema kuliko vya hapa Ngara juu, tunakovaa sweta Julai. Huo si utafiti, ni ninachokiona kwenye meza yangu.

Mwalimu mkuu mmoja aliniletea chake akisema kioo "kinajibonyeza chenyewe". Nikakilaza juu ya meza, kikacheza. Ukingo wa kioo ulikuwa umeinuka kiasi cha kupitisha laini ya simu. Nilipokifungua, mfuko wa betri ulikuwa umevimba kama andazi, unasukuma kioo kutoka nyuma, na tachi ilikuwa inasoma msukumo huo kama vidole. Yeye alidhani ni virusi. Mita ilionyesha betri bado ina umeme wa kutosha, na hapo ndipo penye hatari: ukiitoboa au ukiikunja inaweza kuwaka moto mikononi. Betri za namna hiyo naziweka nje kwenye kopo la mchanga, na ninaomba wenzangu waache kuzitupa kwenye mashimo ya taka yanayochomwa moto.

Kinachofuata ni tundu la chaji. Vishikwambi vingi vina tundu moja tu. Hilohilo la chaji ndilo la kuchomeka kibodi na kipanya kwa waya wa OTG, kwa hiyo mtu wa mezani anachomoa na kuchomeka siku nzima mpaka tundu linalegea. Wateja wa Lusahunga na Nyakahura, kandokando ya barabara ya malori yanayokwenda Rusumo, wananiletea matundu yaliyojaa vumbi jekundu lililoshindiliwa kama udongo wa kukandika. Kijiti cha meno kinatosha kulitoa, mashine ikiwa imezimwa. Usitumie sindano, inaunganisha pini. Kibodi ya Bluetooth inaondoa sehemu kubwa ya shida hii.

Darasa kubwa kuliko yote nchini lilikuwa Sensa ya Agosti 2022. Makarani walihesabu watu kwa vishikwambi, baadaye vikaelekezwa kwa walimu. Siku hizi mwalimu anatumia kishikwambi kufungua mifumo ya kazi: PReM ya Baraza la Mitihani (NECTA), ESS ya kuombea likizo, na PEPMIS ya kujazia kazi zake. Kishikwambi kinachokaa kabatini na kuchajiwa jioni kinafika kwangu na kasoro ndogondogo. Kile kilichogeuzwa kompyuta ya ofisi, waya haujawahi kukitoka, ndicho ninachokikuta kinashika chaji nusu saa.

Betri nabadilisha. Spea nyingi zinatoka Mwanza, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 mzigo haupangi tena foleni ya kivuko. Kuna kifo kingine ambacho bisibisi yangu haikifikii, nacho ni cha programu. iPad ya kwanza ilitoka 2010, na toleo la mwisho la mfumo ililopewa ni la 2012. Ya pili, ya 2011, iliendelea kupewa matoleo mapya hadi 2016, ndiyo maana ukikutana nayo leo bado mwenyewe anaisifia. Kwa Android, mwaka 2025 Chrome iliacha kutoa matoleo mapya kwa Android 8 na 9. Kishikwambi hakizimi siku hiyo. Kinazeeka polepole, mfumo huu unagoma kufunguka, kesho ule. Kompyuta za mezani nazo zilipata yao Oktoba 14, 2025, msaada wa Windows 10 ulipokoma, lakini kompyuta ya mezani naweza kuiwekea Linux ikaendelea na kazi. Pawa saplai ikifa natoa naweka nyingine, diski vivyo hivyo. Kwenye kishikwambi karibu kila kitu kimegandishwa kwenye ubao mmoja.

Kwa anayetaka kukiweka mezani hata hivyo, kuna mambo ya kufanya. Ingia kwenye mipangilio ya betri uangalie kama kina uwezo wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80 au 85. Vingi vya karibuni vinao. Kama hakina, chomoa waya ukifika ofisini, uuchomeke kinapokaribia asilimia 20. Kava la mpira livue wakati wa kuchaji. Kisimamishe kwenye stendi hewa ipite nyuma, kisilale juu ya mafaili. Na siku ya kununua, hasa cha mkononi pale Benaco au Kabanga, fungua kwanza toleo la Android kabla hujauliza bei.

Mama mmoja mwenye steshenari Nyakanazi amefanya ninavyoshauri. Kompyuta kubwa yenye UPS anaitumia kuchapa mitihani na kuendesha printa. Kishikwambi ni cha fomu za mtandaoni na cha kuokoa siku umeme ukikatika. Chake kilikuwa kimeshakula betri mbili, akaja akitaka ya tatu. Nilipoangalia nikakuta kinatumia Android 8. Betri nilikuwa nayo. Sikumwekea, nikamwambia hiyo hela aiongezee kwenye kingine.