Faili Kubwa Likigoma Kufunguka, Usilifute Kwanza

Msikilizaji, huenda yamewahi kukukuta. Wewe ni katibu wa chama cha ushirika, na kumbukumbu za mauzo ya misimu yote ziko kwenye faili moja la kompyuta. Unalifungua, skrini inaganda. Unasema limeharibika, bora nilifute. Subiri kwanza! Huenda faili ni zima kabisa, ila programu unayotumia imezidiwa na mzigo.

Simu na kompyuta zina sehemu mbili za kuweka taarifa. Ya kwanza ni hifadhi, ambako picha, nyimbo na mafaili hukaa hata ukizima. Ya pili ni RAM, inayoshika kile unachokifanyia kazi sasa hivi. Hifadhi ni ghala la mahindi, RAM ni ungo. Simu yaweza kuwa na hifadhi ya GB 64, lakini RAM yake ni GB 2 tu.

Programu nyingi za kawaida za maandishi hujaribu kumwaga gunia zima kwenye ungo. Notepad ya Windows 95 na 98, kwa mfano, haikuweza kufungua faili lililozidi kilobaiti 64 hivi. Ilikukatalia, ikakushauri utumie programu nyingine.

Zipo zinazopepeta kidogo kidogo. Programu ya less, iliyoanza miaka ya 1980, haisubiri kusoma faili zima. Inakuonyesha ukurasa wa kwanza, na ukisogea inaleta kipande kingine. Hiyo ni ya kusoma tu.

Kwa kuandika na kusahihisha ipo Vim, iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Bram Moolenaar. Yenyewe hufungua faili la muda kwenye hifadhi, ikaweka humo maandishi yasiyoenea kwenye RAM. Faida nyingine ni kwamba umeme ukikatika, faili hilo la muda linaweza kukurudishia kazi uliyokuwa hujaihifadhi. Moolenaar, aliyefariki mwaka 2023, aliwahi kufanya kazi Kibaale, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania. Programu yake aliitoa bure, akiomba wanaoipenda wawachangie watoto wa huko.

Sasa faili likigoma, fanya hivi:

1. Usilifute. Tengeneza nakala yake kwenye flashi au memori kadi.
2. Funga programu nyingine zote, kisha jaribu tena na uipe mashine muda.
3. Likikataa, mpelekee fundi ile nakala. Mwambie ajaribu less au Vim, au aligawe vipandevipande.
4. Kuanzia sasa, kila msimu uwe na faili lake.

Gunia lisiloenea kwenye ungo halitupwi, msikilizaji. Linapepetwa kidogo kidogo mpaka liishe.