Sikukuu ya Uhuru na Sherehe Yake: Kitu Kimoja au Viwili?

SOMO LA URAIA KWA REDIO

(Haya ndiyo maneno ya somo kama yalivyosomwa. Wanadarasa wayasome kwa sauti, fungu baada ya fungu, kisha wajibu maswali yaliyo mwishoni.)

   Mwenye daftari na kalamu aviweke tayari. Asiye navyo asikilize vizuri, maana sikio nalo ni daftari.

Leo nitaanza na ubishi niliousikia katika darasa la Choma, wilaya ya Igunga, mkoa wa Tabora. Mwalimu alikuwa ameandika ubaoni: 9 Desemba. Kijana mmoja, mkulima wa pamba, akainua mkono, akasema, "Mwalimu, hiyo siku ilifutwa."

Mzee mmoja aliyekaa mbele akageuka, akamtazama. "Mjukuu wangu," akasema, "siku hiyo niliiona kwa macho yangu, nikiwa mtoto. Nani awezaye kuifuta?"

Mama mmoja akaingilia, "Babu, si kufutwa, ni kuokoa fedha. Heri fedha ziende hospitali kuliko kwenye gwaride."

Basi darasa zima likachangamka. Wengine walikuwa upande wa mzee, wengine upande wa mama. Saa ya darasa ikaisha kabla ubishi haujaisha. Nikawaahidi kwamba nitaliwekea jambo hilo somo lake. Ndilo hili la leo.

1. Siku na sherehe

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Siku ya 9 Desemba ni sikukuu ya taifa. Imewekwa na sheria. Ofisi hufungwa na watoto hawaendi shule. Sherehe ni yale yafanywayo siku hiyo: gwaride la majeshi, mizinga, ngoma, michezo ya halaiki na hotuba ya Rais.

Chukueni mfano wa ndoa na arusi. Mwaka wa njaa watu huoana bila pilau wala ngoma, na ndoa ni ndoa. Siku ni kama ndoa; sherehe ni kama arusi.

Kwa hiyo mzee wa Choma alisema kweli: siku haikufutwa. Kijana naye hakusema uongo: sherehe ya kitaifa ilifutwa, tena si mara moja. Walikuwa wakibishana juu ya vitu viwili kwa kutumia neno moja. Mabishano mengi huanza hivyo.

2. Siku hiyo ilitoka wapi

Sehemu moja ya asili ya siku hiyo iko karibu na Choma. Iko katika mji wa Tabora.

Mwezi wa Januari 1958 chama cha TANU kilifanya mkutano wake mkuu Tabora. Serikali ya Kiingereza ilikuwa imeleta uchaguzi wenye sharti gumu. Kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Zaidi ya hayo, kura haikuwa ya kila mtu. Ilihitaji elimu, kipato au cheo fulani. Wanachama wengi walikasirika. Walisema, "Tuususie uchaguzi huu." Julius Nyerere, ambaye alikuwa amesoma Tabora na kufundisha Tabora, alisema, "Tuingie, tushinde humo humo ndani."

Walibishana sana. Mwisho mkutano ukakubali kuingia, na uamuzi ule ukaitwa Uamuzi wa Busara. Lakini si wote waliokubali. Zuberi Mtemvu alitoka TANU akaanzisha chama chake. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 wagombea waliosaidiwa na TANU walishinda. Tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Uingereza ikashuka, na Tanganyika ikawa huru.

Angalieni jambo hili vizuri. Walioutaka uchaguzi na walioukataa, wote waliutaka uhuru. Siku tunayoisherehekea ilizaliwa katika ubishi, na ubishi ule ulifanyika hadharani, ndani ya mkutano. Kubisha juu ya Uhuru si kuuchukia Uhuru.

3. Ubishi wa fedha

Sasa tuje kwenye fedha. Andikeni miaka hii.

Mwaka 2015. Rais John Magufuli, muda mfupi baada ya kuapishwa, alifuta sherehe za 9 Desemba. Alisema haifai kutumia fedha nyingi kwa sherehe wakati watu wanakufa kwa kipindupindu. Siku hiyo ikawa ya usafi nchi nzima. Shilingi bilioni 4 zikaelekezwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge, Dar es Salaam.

Mwaka 2018. Karibu shilingi milioni 995 zikaelekezwa kujenga hospitali Dodoma, iliyopewa jina la Uhuru.

Mwaka 2020. Zaidi ya shilingi milioni 835 zikaelekezwa kununua vifaa vya hospitali.

Mwaka 2022. Rais Samia Suluhu Hassan naye alifuta sherehe. Shilingi milioni 960 zikaelekezwa kujenga mabweni manane ya watoto wenye mahitaji maalumu. Katika shule zilizotajwa ilikuwamo Goweko, mkoani Tabora. Badala ya gwaride, wilaya zilitakiwa kufanya midahalo.

Miaka mingine sherehe zilifanyika, kama mwaka 2021, nchi ilipotimiza miaka 60.

Sasa tusikie pande mbili, kila upande kwa heshima yake.

Upande wa yule mama wasema hivi: Uhuru ulipiganiwa ili watu wawe na afya, elimu na barabara. Mtoto asiyeona akipata bweni la kulala, huko ndiko kusherehekea Uhuru. Gwaride huisha saa sita mchana, bweni hubaki miaka.

Upande wa pili wajibu hivi: Taifa nalo lina haja ya kukutana. Wazee wetu wa njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, walilijua jambo hili. Msafara ulipokaribia mji, wapagazi walivaa nguo zao nzuri, na bunduki zikapigwa, ndipo wakaingia. Baruti iligharimu fedha. Lakini mpagazi aliyebeba mzigo miezi mitatu alistahili kuingia kama mtu, si kunyemelea kama mwizi.

Tena wanasema sherehe hukutanisha watu wasiokutana. Mwaka 2019 sherehe zilifanyika Mwanza. Freeman Mbowe, mwenyekiti wa chama cha upinzani cha CHADEMA wakati huo, alihudhuria, akapewa nafasi ya kusema mbele ya Rais, akaomba maridhiano. Bila sherehe, jukwaa lile lisingekuwapo.

Mimi nawaongezea swali la tatu, nalo nadhani ni kubwa kuliko hayo mawili: nani aliamua, na fedha zilifika? Fedha za serikali hupitishwa na Bunge katika bajeti. Zikiondolewa kwenye kazi moja na kupelekwa kwenye kazi nyingine, hata iwe kazi njema, mwananchi ana haki ya kuonyeshwa hesabu. Baba mwenye nyumba akisema, "Mwaka huu hakuna arusi, fedha nitajengea choo," watu wa nyumbani watafurahi. Lakini mwaka wa pili watauliza choo kiko wapi. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu.

4. Ubishi wa jina

Mwaka 2011 nchi ilisherehekea miaka 50. Serikali iliandika: miaka 50 ya Uhuru wa Tanzania Bara. Watu wengi wakauliza, mbona mwaka 1961 hapakuwa na Tanzania Bara? Palikuwa na Tanganyika. Muungano na Zanzibar ulifanywa 26 Aprili 1964, na jina la Tanzania likaja baadaye mwaka huo huo.

Wanaotetea jina la Tanzania Bara husema ndilo jina la sehemu hiyo kwa sasa, na kwamba jina la zamani laweza kuamsha mgawanyiko. Wanaotaka jina la Tanganyika husema historia haibadilishwi kwa kubadili bango. Zanzibar nako kuna ubishi wa namna yake: serikali husherehekea Mapinduzi ya 12 Januari 1964, na wapo wanaosema uhuru wa 10 Desemba 1963 nao ukumbukwe.

Jirani zetu wa Kenya walikuwa na jambo la namna hiyo. Sikukuu ya 20 Oktoba iliitwa kwa jina la Rais Kenyatta. Katiba mpya, iliyopigiwa kura na wananchi mwaka 2010, ikaigeuza kuwa Siku ya Mashujaa, ili iwakumbuke wote. Walibadili jina kwa kura ya watu. Njia hiyo yaonyesha kwamba hata jina la sikukuu laweza kuulizwa kwa wenye sikukuu.

5. Mwaka 2025

Ndugu zangu, hapa nitasema taratibu, kwa kuwa ni jambo la majonzi.

Tarehe 29 Oktoba 2025 ulifanyika Uchaguzi Mkuu. Siku hiyo na siku zilizofuata yalitokea maandamano na ghasia, mali ikaharibiwa, na watu wakauawa. Idadi yao ikawa jambo la mabishano. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema mamia waliaminika kuwa wameuawa. Serikali iliunda tume ya kuchunguza, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman.

Mwezi wa Novemba Waziri Mkuu Mwigulu Nchemba alitangaza kwamba sherehe za 9 Desemba hazitafanyika, na fedha zitumike kutengeneza vitu vilivyoharibiwa. Wakati huo huo palikuwa na wito wa watu kuandamana siku hiyo. Polisi walisema maandamano hayo ni haramu. Serikali ikawaomba watu wasio na kazi za lazima wakae nyumbani. Ilipofika 9 Desemba, askari walikuwa wengi mitaani Dar es Salaam, na mitaa mingi ilikuwa mitupu.

Mwaweza kuona tofauti na miaka ya nyuma. Mwaka 2015 swali lilikuwa: gwaride au barabara? Mwaka 2025 swali lilikuwa: je, siku ya Uhuru ni ya nani, na mwananchi aweza kuitumia kusema lililo moyoni mwake? Wapo waliosema kukaa nyumbani kuliokoa maisha. Wapo waliosema taifa lililofiwa lilihitaji kukutana kuliko wakati wowote, hata kama ni kukaa kimya pamoja. Darasa lenu litapima. Mimi nasema hili tu: fedha zaweza kuhamishwa kutoka gwaride kwenda barabara kwa barua moja, lakini imani ya watu haihamishwi kwa barua.

6. Turudi Choma

Siku ile, nilipokuwa nikiondoka Choma, yule mzee alinisindikiza mpaka njiani. Akaniambia, "Mwaka ule tulitembea kwa miguu kwenda kuona bendera. Hatukupewa nauli, wala maji. Tulikwenda kwa sababu ilikuwa yetu."

Neno lake nimelifikiri sana. Laonyesha kwamba gharama si sherehe, na sherehe si gharama. Watu wanaojua kwamba siku ni yao wataisherehekea chini ya mwembe bila senti. Wakiona si yao, hata mizinga ishirini na mmoja haitawaamsha.

Basi nawapa kazi. 9 Desemba ijayo, darasa lenu lifanye mdahalo wake mdogo. Mzee mmoja asimulie, kijana mmoja aulize. Na katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao hufanyika kila miezi mitatu, ombeni kusomewa mapato na matumizi ya kijiji. Anayejizoeza kuuliza hesabu ya kijiji ataweza kuuliza hesabu ya taifa.

Maswali ya darasa

1. Eleza tofauti ya sikukuu na sherehe kwa mfano wa nyumbani kwako.
2. Mwaka 2022 shilingi milioni 960 zilielekezwa kwenye mabweni 8. Zikigawanywa sawa, kila bweni lapata shilingi ngapi?
3. Kwa nini uamuzi wa Tabora wa 1958 uliitwa Uamuzi wa Busara? Waliokataa walikuwa na hoja gani?
4. Gawanyeni darasa pande mbili. Upande mmoja utetee gwaride, mwingine utetee bweni. Kisha badilishaneni pande.

Maneno ya kujifunza

Kususia: kukataa kushiriki jambo kwa makusudi.
Maridhiano: mapatano ya watu waliokosana.
Mdahalo: mazungumzo ya pande mbili zinazopingana kwa hoja.
Bajeti: makisio ya mapato na matumizi ya mwaka.

Jibu la swali la pili ni shilingi milioni 120. Mliokosea msione haya, rudieni kugawanya.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji, mpaka somo lijalo.