Kazi Ikikatika, Mwili Nao Huugua

Serikali ya Kijerumani ilipohamisha makao yake makuu kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam mwaka 1891, na reli iliyoanza kujengwa huko Dar es Salaam mwaka 1905 ilipowasili Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilififia kazi ya wapagazi, ambao kwa miongo mingi walishuka pwani kwa maelfu, pembe za ndovu mabegani. Upagazi haukuwa kazi ya mtu duni: miongoni mwa Wanyamwezi, kijana asiyewahi kufika pwani aghalabu alihesabiwa kuwa bado mtoto, na aliyerudi na nguo na habari za bahari alipata staha mbele ya wazee. Jaha hiyo ikaondoka pamoja na misafara. Ikaja jaha ya karani, kisha ya mwenye ofisi na mshahara wa mwezi. Nami naona ni hatari kudhani kwamba hii ya leo ndiyo ya milele, maana dhana hiyo ndiyo inayomwangusha mtu siku barua ya kupunguzwa kazini inapomfikia.

Dhiki ya kupoteza kazi haikai moyoni peke yake. Ubongo unapohisi hatari huziamrisha tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, zitoe homoni ya kotisoli, ambayo huongeza sukari katika damu ili mwili uwe tayari kupambana au kukimbia. Kwa desturi homoni hii hupanda alfajiri na kushuka usiku. Bali mwenye fadhaa ya muda mrefu huweza kuharibikiwa na mpango huo, usingizi ukapotea, shinikizo la damu likapanda, na hamu ya chakula ikafa au ikazidi kiasi.

Uchunguzi mmoja mashuhuri juu ya kupoteza kazi ulifanywa Marienthal, kijiji cha Austria kilichotegemea kiwanda kimoja cha nguo, nao ukachapishwa mwaka 1933 na Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel. Kiwanda kilipofungwa, wanaume waliokuwa sasa na wakati tele hawakusoma zaidi, bali waliazima vitabu vichache kuliko zamani. Hatua zao njiani zikawa nzito, wakasimamasimama bila sababu, na wengi wakaacha kuvaa saa. Wanawake walitembea upesi zaidi, kwa kuwa kazi za nyumbani hazikufungwa pamoja na kiwanda. Jahoda alikuja kueleza baadaye kwamba ajira humpa mtu, mbali na ujira, ratiba ya siku, wenzi nje ya nyumba yake, lengo la pamoja, cheo na shughuli. Na hayo matano ndiyo yanayokatika kwa siku moja.

Hapa kwetu, katika kijiji cha Mlingotini karibu na Bagamoyo, wakulima wa mwani, wengi wao wanawake, wameona mwani wa aina ya kotonii, wenye bei nzuri, ukifa maji ya ufukweni yanapozidi joto, wakabaki na aina ya spinosamu yenye bei ndogo. Hasara hiyo ni kubwa, wala simwambii mtu aifurahie. Lakini wapo waliogeuka kutengeneza sabuni za mwani kwa vikundi, na kwa maarifa ya tiba kikundi kina faida hata kabla ya sabuni kuuzwa, kwani humrudishia mtu saa ya kuamka na watu wa kusema nao.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa mchangiaji wa mfuko wa hifadhi ya jamii na kazi imekatika pasipo hiari yako, ulizia fao la upotevu wa ajira lililowekwa na sheria ya mwaka 2018. Ukiwa ni jamaa wa aliyepoteza kazi, usimsimange. Mwite barazani, mpe kazi ya asubuhi, hata iwe ndogo. Na huzuni, kukosa usingizi au kutopendezwa na chochote vikidumu wiki 2, mpelekeni hospitali akaonane na tabibu. Akitamka kwamba hataki kuishi, msingoje hata siku moja.