Kakao: Mwanga unaoamua hatima ya mzigo

MKULIMA wa kakao wa Kyela huchachusha punje zake, akazianika na kuzipeleka sokoni akiamini kuwa ubora huonekana kwa macho. Lakini ipo kasoro moja ambayo jicho haliioni, pua hainusi na ulimi hauonji. Nayo ni kadimi, metali nzito yenye sumu inayodhuru figo.

Tangu Januari 1, 2019 Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kadimi katika kakao. Unga wa kakao unaouzwa kwa mlaji hauruhusiwi kuzidi miligramu 0.60 kwa kilo. Chokoleti yenye kakao nusu au zaidi haitakiwi kuzidi miligramu 0.80. Sheria inahusu bidhaa iliyokwisha kutengenezwa, lakini wanunuzi hupima punje mapema ili wasije wakapata hasara. Wakulima wa baadhi ya maeneo ya Ecuador na Peru, ambako ardhi ina kadimi nyingi, wanalijua vizuri tatizo hili.

Inapimwaje?

Punje husagwa na kuyeyushwa kwa tindikali, kisha maji yake hupulizwa kama ukungu ndani ya gesi ya agoni yenye joto la nyuzi 6,000 au zaidi. Humo atomi za kadimi hupoteza elektroni moja na kuwa ioni.

Elektroni zilizobaki hupanda ngazi za nishati, na zinaposhuka hutoa mwanga. Kila elementi ina ngazi zake, na ngazi za ioni si zile za atomi kamili. Ndiyo maana ioni ya kadimi hutoa mwanga wa nanomita 214.4 na 226.5, wakati atomi kamili hutoa wa 228.8. Ioni ya risasi hutambulika kwa 220.4. Mashine husoma mwanga huo usioonekana kwa macho, na kadiri unavyokuwa mkali ndivyo metali ilivyo nyingi.

Kosa linaloweza kumponza mkulima

Aseniki nayo hutoa mwanga karibu sana na ule wa 228.8. Sampuli yenye aseniki ikipimwa kwa mstari huo peke yake, kadimi inaweza kuonekana nyingi kuliko ilivyo, na mzigo usio na hatia ukakataliwa. Kwa sababu hiyo wanasayansi huchunguza ngazi za ioni za metali nzito na kuorodhesha mistari yake, ili maabara ijue upi wa kuamini na upi wa kulinganisha na mwingine.

Mambo ya kuzingatia

Chama cha ushirika kinachopeleka sampuli kiulize maabara mambo matatu: je, ina ithibati ya ISO/IEC 17025? Imesoma mistari mingapi? Imepima pia sampuli ambayo kiwango chake kinajulikana?

Shambani, udongo wenye tindikali nyingi huurahisishia mmea kunyonya kadimi, na chokaa hupunguza tindikali hiyo. Baadhi ya mbolea za fosfeti nazo huwa na kadimi, hivyo ni vyema kumuuliza muuzaji kiwango chake. Kabla ya kumwaga chokaa, mkulima apime udongo na kupata ushauri wa bwana shamba.

Kipimo hufanyika mara moja, lakini jibu lake likikosewa, jasho la msimu mzima hupotea.