Neno Moja, Mizigo Mitano

Barua na hati za Kiingereza zaingia nyumbani mwetu hata tusipozitaka. Ndani yake mna neno linalowatia wengi hofu: "charge". Mzee akiliona katika hati ya hospitali huweza kudhani ameshtakiwa, kumbe anaambiwa bei ya matibabu. Mwingine akiliona katika hati ya polisi huweza kudhani anadaiwa fedha, kumbe ameshtakiwa kweli. Basi, na tulitazame vizuri.

Asili yake ni Kilatini. Warumi wa kale waliita gari la kukokotwa "carrus". Humo ndimo lilimotoka hata neno "car", yaani motakaa. Katika jina hilo la gari wakapata neno la kupakia mzigo. Wafaransa wakalirithi, na Waingereza wakalipata kwa Wafaransa. Shikeni neno hilo, mzigo, na maana nyingine zitafunguka.

Kwanza ni malipo, mzigo wa fedha. Wakiandika "free of charge", maana yake ni bure.

Pili ni madaraka, mzigo wa kazi. Mganga mfawidhi wa zahanati ni mtu "in charge", yaani aliyetwishwa ulinzi wa wagonjwa na dawa.

Tatu ni umeme uliopakiwa katika betri. Hapo nasi twasema chaji.

Nne ni baruti iliyoshindiliwa bundukini. Tena askari wakimrukia adui kwa pamoja, Mwingereza hutumia neno hilo hilo.

Tano ni shtaka, mzigo wa kosa analotwishwa mtu mahakamani.

Mtazambuaje? Tazameni hati imetoka wapi. Ikiwa kando ya neno pana hesabu ya fedha, yaelekea ni malipo. Ikiwa imetoka polisi au mahakamani, msiiweke chini ya godoro: mpelekeeni upesi mtu mwaminifu ajuaye Kiingereza, na siku iliyotajwa msiikose.

Lakini katika mizigo yote hii, wa tano ndio unaotuhusu zaidi sisi majirani. Kushtakiwa si kupatikana na hatia. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, yakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitika. Nasi twafanyaje? Mtu akichukuliwa asubuhi, jioni watoto wake wamekwisha kuitwa watoto wa mwizi, na mkewe hasalimiwi kisimani. Hakimu aweza kuutua mzigo wa shtaka siku moja. Mzigo wa ulimi wa jirani hauna hakimu wa kuutua.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hatuusikii uzito kwa kuwa haupo kichwani mwetu. Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wagalatia juu ya kusaidiana mizigo. Basi, ndugu zangu, jirani yenu akitwishwa shtaka, mwacheni hakimu apime kosa. Ninyi nendeni mkamsalimu mkewe.