Mvua ya Mbali, Maji ya Hapa: Nyenzo za Mtandaoni za Kujifunzia Sayansi ya Hali ya Hewa na Tabianchi katika Delta ya Rufiji na Kibiti

1.0 Utangulizi

Mwezi Aprili 2024 maji ya Mto Rufiji yalifunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti, mkoani Pwani. Mwanzoni mwa Mei, kabla maisha hayajarejea katika hali yake ya kawaida, Kimbunga Hidaya kiliikaribia pwani hiyo hiyo kisha kikadhoofika karibu na Kisiwa cha Mafia. Matukio haya mawili yalifuatana kwa wiki chache tu, lakini hayakuwa na chanzo kimoja. La kwanza lilishuka na mto kutoka bara. La pili lilitoka baharini. Mwalimu, afisa ugani au mwanafunzi wa Kibiti aliyetaka kuyaelewa kwa simu yake hakukosa cha kusoma. Zilikuwapo kurasa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), ramani za satelaiti, masomo ya bure ya vyuo vya ng'ambo na maelezo yasiyo na idadi kuhusu El Niño.

Makala hii inafafanua aina za nyenzo hizo na kuzipima kwa mahitaji ya mkazi wa Delta. Hoja yake ni kwamba kikwazo kikubwa si uhaba wa nyenzo, wala si bei ya bando peke yake, ingawa bei hiyo humzuia mtu kufungua ramani nzito. Kikwazo kikubwa ni kwamba nyenzo karibu zote humwelekeza msomaji aanze na mvua ya mahali alipo, ilhali maji yanayoamua hatima ya Delta huanguka kama mvua mamia ya kilomita kutoka hapo.

2.0 Utabiri upi ni wa Delta?

Sehemu kubwa ya Delta imo katika Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katika muongo uliopita. Ni nchi ya mikoko, takribani hekta 50,000, ya mashamba ya mpunga na ya vijiji ambavyo baadhi yake hufikika kwa chombo cha majini tu. Kwa mgawanyo wa kanda unaotumiwa na TMA, Mkoa wa Pwani pamoja na Mafia umo katika maeneo yanayopata misimu miwili ya mvua: vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika, kuanzia Machi hadi Mei. Kwa hiyo msomaji wa Nyamisati au Mbuchi anayefungua utabiri wa msimu huutafuta mkoa wake, huukuta katika utabiri wa vuli au wa masika, husoma mistari inayouhusu, na hufunga ukurasa.

Amesoma vema kuhusu mvua itakayomwangukia. Kuhusu mto, hajasoma kitu.

Bonde la Rufiji lina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 177,000, yaani karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Mito yake mikuu ya kulisha ni mitatu: Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu. Kilombero na Luwegu hukutana katika maporomoko ya Shuguri na hapo ndipo Rufiji huanza kuitwa Rufiji. Ruaha Mkuu huingia mbele zaidi. Eneo linalotoa maji ya Ruaha Mkuu ni kubwa kuliko la Kilombero, lakini ni Kilombero, unaopokea mvua ya Milima ya Udzungwa na ya nyanda za juu za Njombe, unaochangia zaidi ya nusu ya maji yote ya Rufiji. Ukubwa wa eneo kwenye ramani, basi, hautoshi kumwonyesha msomaji maji yanatoka wapi.

Maeneo hayo ya juu hayana vuli na masika. Yana msimu mmoja, wa Novemba hadi Aprili, ambao katika taarifa za TMA huitwa mvua za Msimu na hutolewa katika utabiri wake wa pekee unaohusu, pamoja na mikoa mingine, Njombe, Iringa, Mbeya na kusini mwa Morogoro. Huo ndio utabiri unaoihusu Delta kwa upande wa mto. Mkulima wa Kibiti hausomi, kwa kuwa jina la mkoa wake halimo. Na mwalimu anayetafuta mfano wa darasani hana sababu ya kuufungua, kwa kuwa hakuna ukurasa unaomwambia kwamba mvua iliyotajwa kwa ajili ya Ifakara itapita mbele ya mlango wake baada ya siku kadhaa.

Wazee wa bonde hilo hawakuhitaji intaneti kulijua jambo hili. Kilimo cha mlao, yaani kupanda katika udongo wenye unyevu maji ya mafuriko yanapopungua, kinategemea maji ya mbali, na dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo shambani, kilijengwa na watu waliotarajia maji hayo. Mafuriko ya kadiri yalileta rutuba. Yaliyopita kiasi yaliharibu. Baada ya mafuriko ya 1968 Serikali iliwahamishia wakazi wengi wa bondeni kwenye vijiji vipya vya maeneo ya juu, lakini mashamba yalibaki chini. Mafuriko mengine makubwa yalitokea 1974, na tena katika mvua za El Niño za 1997/98. Mtu anayejifunza tabianchi mahali kama hapa haulizi tu kama mafuriko yatakuja. Anauliza yatakuwa ya kadiri gani, na lini.

3.0 El Niño na mstari unaolipita bonde

Maelezo mengi ya kimataifa kuhusu El Niño yana sentensi mbili zinazorudiwa: Afrika Mashariki hupata mvua nyingi, Kusini mwa Afrika hupata ukame. Sentensi hizo si za uongo. Tatizo lake ni kwamba Bonde la Rufiji liko katika eneo la mpito kati ya pande hizo mbili, hivyo athari ya El Niño juu ya Udzungwa au Njombe haiwezi kusomwa kwa urahisi kama inavyosomwa kwa Nairobi. Aidha, katika Afrika Mashariki uhusiano huo ni wa nguvu zaidi katika vuli kuliko katika masika, na sehemu yake kubwa hupitia Bahari ya Hindi. Saji na wenzake walieleza mwaka 1999 jinsi magharibi ya bahari hiyo inavyoweza kupata joto huku mashariki yake ikipoa, hali inayoitwa Dipoli ya Bahari ya Hindi katika awamu chanya. Miaka ya 1997, 2019 na 2023 ilikuwa na dipoli chanya yenye nguvu, na vuli ya miaka hiyo ilikuwa na mvua nyingi. Msomaji wa Delta anahitaji kujua yote mawili: kwamba dipoli humweleza mengi kuhusu vuli yake mwenyewe, na kwamba humweleza machache kuhusu maji ya Kilombero ya Machi na Aprili.

Kituo cha ICPAC kilichopo Nairobi hutoa utabiri wa kanda unaohusisha nchi 11, Tanzania ikiwamo ingawa si mwanachama wa IGAD. Ramani zake zina faida moja ambayo huenda haikukusudiwa: zinaonyesha pwani na nyanda za juu katika picha moja, hivyo mwalimu anaweza kuufuata mto kwa kidole kutoka rangi moja hadi nyingine.

4.0 Neno "wastani"

Kiswahili cha taarifa za TMA ni hazina kwa mwalimu, na ni miongoni mwa maeneo machache ambapo sayansi hii huandikwa kwa Kiswahili kila siku ya mwaka. Hata hivyo neno lake muhimu kuliko yote limebebeshwa mzigo wa maana tatu.

Katika utabiri wa msimu, "wastani" ni kundi. Chukua mvua za msimu za miaka 30, zipange kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha zigawe mara tatu. Misimu kumi ya chini ni "chini ya wastani", kumi ya kati ni "wastani", kumi ya juu ni "juu ya wastani". Utabiri hueleza ni kundi lipi lina nafasi kubwa zaidi. Ikiwa, kwa mfano wa kubuni, nafasi ya "juu ya wastani" ni asilimia 45, ya "wastani" 35 na ya "chini ya wastani" 20, basi msimu mkavu bado unaweza kutokea mara moja katika kila misimu mitano yenye utabiri kama huo, na utabiri hautakuwa umekosea. Mtu aliyefundishwa hesabu za shule kwamba wastani ni namba moja, jumla ikigawanywa kwa idadi, hawezi kuipata maana hii bila kuelekezwa.

Katika tahadhari za siku tano, "wastani" ni kitu kingine. Taarifa husema uwezekano wa kutokea ni wastani, na kiwango cha athari zinazoweza kutokea ni wastani. Hapa neno lina maana ya daraja lililo kati ya dogo na kubwa. Msomaji anaweza kukutana na taarifa mbili za juma moja, moja ikisema mvua zitakuwa juu ya wastani na nyingine ikisema athari ni wastani, akaona kwamba ya pili imeipunguza ya kwanza. Hazipingani; zinapima vitu tofauti.

Mfano mwingine ni mdogo lakini una athari darasani. Vitabu vya sayansi vya Kiswahili huita nguvu ya hewa juu ya eneo "kanieneo", na taarifa za hali ya hewa huiita "mgandamizo". Mwanafunzi akitafuta "kanieneo" mtandaoni hataikuta ramani ya vimbunga. Kazi ya istilahi haikuanza jana: TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Neno "tabianchi" nalo limekubalika vizuri, japokuwa katika mazungumzo ya kila siku "hali ya hewa" bado hubeba maana ya siku moja na ya miaka 30 kwa pamoja.

Nje ya Kiswahili, nyenzo bora za kujisomea ni za lugha nyingine. Masomo ya MetEd, yanayotolewa bure nchini Marekani, ni ya Kiingereza zaidi, na baadhi yapo kwa Kihispania na Kifaransa. Lugha rasmi za Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC) ni zile sita za Umoja wa Mataifa. Kutafsiri masomo hayo kungesaidia, lakini tafsiri ya somo linaloanza na mvua ya mahali ulipo bado ingempeleka msomaji wa Kibiti kwenye utabiri wa vuli na masika peke yake.

5.0 Ramani, mto na bwawa

Kati ya data zilizo wazi, CHIRPS ya Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ndiyo inayofaa zaidi kwa zoezi la bonde. Inachanganya makadirio ya satelaiti na vipimo vya vituo, inaanza mwaka 1981, na kila kisanduku chake kina upana wa kilomita tano hivi. Mwanafunzi anaweza kuchora mvua ya Kibiti na ya bonde la Kilombero kwa mwaka mmoja, akaona kwa macho yake misimu miwili upande mmoja na msimu mmoja upande mwingine. Data za ERA5 zinarudi nyuma hadi 1940, lakini visanduku vyake vya kilomita 31 hivi ni vikubwa mno kwa Delta, na baadhi yake ni nusu nchi kavu na nusu bahari. Kwa upande wa mto upo mfumo wa GloFAS wa Copernicus, ulioanza kutumika rasmi mwaka 2018, unaokadiria mtiririko wa mito duniani kwa siku 30 zijazo.

Hata hivyo, mtiririko wa Rufiji hauamuliwi tena na mvua pekee. Ujazaji wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, ulianza tarehe 22 Desemba 2022. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 ulizuka mjadala mkali kuhusu mchango wa mvua na mchango wa maji yaliyofunguliwa bwawani. Mjadala huo ni somo la sayansi kamili: kiasi kilichoingia, kiasi kilichozuiwa, kiasi kilichotoka, na siku ya kila kimoja. Lakini somo hilo haliwezi kufundishwa bila namba za kila siku zilizowekwa mahali ambapo mwalimu wa sekondari anaweza kuzifikia, kando ya mvua ya juu na kina cha mto chini. TMA hushughulika na hewa, Bodi ya Maji Bonde la Rufiji hushughulika na mto, na umeme una wasimamizi wake. Mgawanyo huo ni wa kawaida katika utawala, ila mtu wa Mbwera hupata maji ya wote kwa pamoja.

6.0 Mwezi na kimbunga

Kuna sehemu moja ambapo mkazi wa Delta humzidi mwandishi wa nyenzo yoyote, nayo ni maji ya bahari. Tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani hii huzidi mita tatu wakati wa bamvua, na maji ya chumvi yanayopanda huamua ni mashamba yapi ya mpunga yatasalimika. Mto uliofurika ukikutana na bamvua, maji hukosa pa kwenda. Masomo ya mtandaoni kuhusu vimbunga hueleza vizuri jinsi upepo na mgandamizo mdogo wa hewa unavyoinua bahari, lakini mara nyingi mifano yake ni ya Ghuba ya Mexico au ya Ghuba ya Bengal.

Mfano wa karibu upo. Kimbunga Hidaya kilikaribia pwani tarehe 3 na 4 Mei 2024. Robo ya mwisho ya mwezi ilikuwa tarehe 1 Mei, na mwezi mpya ulikuwa tarehe 8. Kwa hesabu ya mwezi, basi, kimbunga kilikuja katika siku za maji mafu au karibu nazo. Kama kingechelewa siku tano au sita, kingeyakuta maji ya bamvua. Darasa la Nyamisati linaweza kuifanya hesabu hiyo kwa kalenda ya mwezi na ramani ya njia ya kimbunga, ambayo hutolewa bure na kituo cha Météo-France kilichopo La Réunion, chenye dhamana ya kufuatilia vimbunga vya kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi. Namba ya tatu, kina cha Rufiji katika siku hizo hizo, ndiyo ambayo darasa hilo lingelazimika kuiomba kwa barua.